Mnunuzi wa Elfu Tisini na Tano

Tangu Jumapili iliyopita mmeniandikia sana. Msomaji mmoja wa Kinoo amesema mimi ni mjinga. Mwingine, anayejiita Baba Mapacha, amesema mimi si mjinga, ila nilisoma kupita kiasi. Nawashukuru wote wawili. Mkimaliza ya leo mtajua kwamba mlinihurumia.

Kwa asiyenijua: naitwa Kamene. Nina shahada ya maendeleo ya jamii, na chumba cha kupanga huko Mutuini ninachoishi na mama yangu, Mukai. Mama ameshona sare za shule katika duka la Mzee Lalit, ghorofa ya pili pale River Road, tangu kabla sijazaliwa. Karo yangu yote ilitoka kwenye cherehani zile. Sasa Mzee Lalit anafunga duka ahamie kwa mwanawe huko Loresho, na Mama anabaki bila kazi.

Wiki iliyopita nilieleza mapatano yetu. Duka lina mashine nne. Tatu ni cherehani za kawaida, na ya nne ni ya kutengeneza matundu ya vifungo. Mzee Lalit aliniambia kwamba vijana ndio tunaojua mtandao, basi nimuuzie zile tatu kwa elfu tisini kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Nikiweza, ile ya vifungo atamwachia Mama iwe asante yake.

Mashine hiyo ndiyo riziki ya Mama kuanzia sasa. Mafundi wa Mutuini wanashona makoti na sare hukohuko, halafu wanalazimika kuleta kila nguo mjini itobolewe vifungo. Mwenye mashine hiyo mtaani hatafuti kazi. Kazi inamfuata nyumbani. Mama alikuwa ameshawaambia wale mafundi wakae tayari.

Basi nikapiga picha, nikafungua akaunti ya kuuzia vitu mtandaoni, nikaandika tangazo. Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu niliandika bei ya kweli.

Elfu tisini, kwa zote tatu. Sikuongeza hata shilingi. Nikamalizia na sentensi niliyoipenda mno: "Hii ni bei ya haki, kwa hivyo hakuna haja ya kupunguziana."

Niliamini kwamba mtu akitendewa haki ataitambua. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Mwalimu aliyenifundisha alikuwa na mshahara.

*

Mnunuzi wa kwanza aliuliza, "Bado iko?" Nilimjibu kwa salamu, maelezo ya kila mashine na picha zaidi. Akanyamaza. Nilidhani ameugua. Siku hizi najua kwamba Nairobi ina watu ambao kazi yao ni kuuliza kama kitu bado kipo. Wakishajua kipo, wanalala vizuri.

Wa pili hakusalimia. "Bei ya mwisho?" Nikamwambia bei ya kwanza ndiyo ya mwisho. Akaniuliza kama nimeokoka, maana naandika kama mtu wa kuhubiri kwenye basi.

Wa tatu alitaka tubadilishane na televisheni yake. Ilikuwa na ufa katikati, lakini aliniahidi kwamba sauti ni safi.

Wa nne alijitambulisha kama mwalimu mkuu mstaafu. Aliomba video ya kila mashine ikishona. Nikamtumia. Akaomba nyingine, mashine ikishona kitambaa kizito. Nikamtumia. Ndipo akanishukuru kwa moyo wote, akasema hana haja ya cherehani, alikuwa akitazama tu.

Na waliobaki wote walikuwa na ombi moja. Nipunguze kidogo. Kidogo ya Nairobi ni nusu.

Nilimwonyesha tangazo Jacklyne, ambaye anauza viatu vya watoto katika jengo lilelile, chini kabisa, na mtandaoni pia. Alisoma, akacheka hadi akatafuta kiti.

"Umetangaza bei ya mwisho mwanzoni," alisema. "Sasa mtu akiomba umpunguzie, utapunguza nini? Nywele?"

Nikamwambia bei yangu ni ya haki.

"Siste, nani alikwambia wanataka haki? Wanataka kushinda. Ungeandika mia na ishirini, wakuteremshe hadi mia, waende nyumbani wajisifu kwa mabwana zao, na wewe ubaki na kumi yako juu. Sasa umewanyima hata raha ya kukupiga."

Nilimwonea huruma siku hiyo. Nilirudi juu nikiwaza jinsi biashara inavyoweza kuharibu msichana mzuri.

*

Halafu nikapata mteja wa Loresho.

Aliitwa Ivyne, na aliandika kama mtu aliyelelewa: habari ya asubuhi, tafadhali, asante. Moyo wangu ukafunguka. Alitaka kuiona ile cherehani ya zamani, ya kukanyaga kwa miguu. Ila mjini haji, kwa sababu ya vumbi. Ningeweza kumpelekea?

Nilikodi pikapu. Nilijiambia kwamba mtu wa tabia hii akishaiona moja atanunua zote.

Alitoka langoni na ndala. Akaizunguka mashine kama mtu anayekagua ng'ombe, lakini hakugusa kichwa chake, wala gurudumu, wala sindano. Aliinama akapapasa miguu.

"Hiki ni chuma halisi?"

Nikamwambia ni halisi, na mashine yenyewe haijawahi kukataa kazi.

"Mashine sitaki," akasema. "Nataka miguu. Nitaweka marumaru juu, iwe meza ya maua pale barazani. Hicho kichwa unaweza kurudi nacho."

Nikauliza anatoa ngapi kwa miguu.

"Elfu tatu. Na kwa sababu pikapu iko hapa tayari, itoke na haya matawi niliyokata kwenye ua, mtayamwaga mahali mbele."

Sijui kwa nini nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba mashine ile ndiyo iliyonisomesha. Alitabasamu vizuri sana.

"Basi imeshamaliza kazi yake," akasema.

Nilirudi River Road na mashine yangu, miguu na kichwa. Matawi tuliyaacha. Ndio ushindi pekee niliopata wiki hiyo, na hata huo dereva alinilaumu, alisema angelipwa.

*

Jioni yake alinipigia mtu anayeitwa Nzioka.

Huyu hakuuliza bei. Aliuliza jina. Nikasema Kamene. Kamene wa wapi? Nikasema wazazi wangu ni wa Mwala. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini, kama ya mtu aliyeingia kanisani.

"Hata mama yangu ni Kamene," akasema. "Basi wewe ni mwaitu."

Mwaitu ni mama yangu, kwa Kikamba. Asiyetoka kwetu anaweza kufikiri hayo ni maneno ya kubembeleza tu. Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, mama wa baba yangu, na baba aliniita mwaitu hadi alipofariki. Nilipokuwa mdogo, mtu akinichapa mbele yake, alimwuliza kwa nini anampiga mama yake. Kwa hivyo mtu mzima akikwambia una jina la mama yake, hapo duka limefungwa. Hazungumzi tena na mwenye mali. Anazungumza nyumbani.

Nzioka aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza kama Mama ana afya. Alinieleza kwamba anaanzisha karakana ya sare huko Kawangware, atawaajiri vijana, na kwamba kila mahali amekataliwa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nauza kitu.

"Mwaitu," akasema mwishowe, "mama hawezi kumwona mtoto wake akianguka kwa sababu ya elfu ishirini."

Ndivyo nilivyomwuzia mashine zote tatu kwa elfu sabini. Na nilipokata simu nilikuwa na machozi, ya furaha.

Mzee Lalit hakuwa nayo. Alivua miwani yake.

"Sabini? Nani amesema sabini?"

"Ni mtu wetu, Mzee. Mama yake ana jina langu."

"Mimi iko na dada anaitwa Charmi," akasema. "Kila Charmi akipanda hii ngazi, nampa duka?"

Nikashuka kumweleza Jacklyne, nikidhani yeye angalau ataelewa. Aliniuliza jina la mnunuzi. Nikamtajia. Akaweka chini kiatu alichokuwa ameshika.

"Nzioka wa karakana? Yule wa sauti ya kanisa?"

Akaniambia kwamba kwa Nzula, anayeuza mapazia ng'ambo ya barabara, mama yake Nzioka aliitwa Nzula. Mapazia yalitoka kwa bei ya kitambaa. Kwa mwanamke mwingine aliyeuza mafriji, mama yake aliitwa Ndinda, naye ni marehemu.

"Na kwangu alijaribu," akasema Jacklyne. "Alikwama kidogo, maana Jacklyne haingii. Akafikiri, akaniambia ni jina la ubatizo la mama yake."

Mnisamehe, hapo nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

*

Nilimpigia Nzioka. Nilimwambia bei ni elfu tisini kama ilivyokuwa, na jina la mama yake abaki nalo. Nilitarajia aone haya. Nilikuwa hata nimepanga namna ya kumsamehe.

Hakuona haya. Alicheka kwa upole, kama anayemcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Kamene, kwani nimekuibia? Mimi nilisema jina tu. Kupunguza, ulipunguza wewe."

Nikakata simu.

Siku iliyofuata alipanda ngazi mwenyewe, nikiwa nje kununua karatasi za kufungia. Hakunitafuta. Alimtafuta Mzee Lalit. Niliporudi, Mzee alikuwa ameketi katikati ya masanduku, na sikupenda jinsi alivyoniangalia.

Nzioka alikuwa ameahidi elfu tisini, taslimu, Ijumaa saa sita. Lakini kwa mashine zote nne.

"Mwenye nyumba anataka funguo Ijumaa," Mzee Lalit akasema. "Neno yangu kwako iko palepale, beti, binti yangu. Wewe ukileta tisini ya hizi tatu, ya vifungo ni ya Mukai. Saa sita ikifika bila pesa, huyu anachukua yote. Mimi siwezi kubeba mashine kwenda Loresho."

Nyuma ya kabati nilimsikia Mama akiendelea kukunja vitambaa. Alikuwa amesikia yote. Hakutoka, na jioni alipofunga kazi aliitia ile mashine ya vifungo mafuta, kama kawaida yake, akaifunika.

Nilipoona hivyo niliteremka kwa Jacklyne, nikaketi kwenye kiti chake cha wateja, nikamwambia anifundishe.

Alinifundisha kwa muda ambao mtu huchukua kujaribu viatu viwili. Mteja asijue kamwe kwamba yuko peke yake, alisema. Kila mteja lazima awe na mwenzake anayemfukuza kwa nyuma, ndipo atoe pesa mbio. Akisema themanini, unamwambia kuna mtu ameshakubali tisini na tano. Ataruka mwenyewe bila kusukumwa.

"Na kama hakuna mtu?" nikauliza.

"Mtengeneze. Wao hawatengenezi?"

Zamani ningembishia. Lakini nilikuwa nimewaona. Mwalimu mkuu wa kutazama, mama wa miguu ya chuma, mtoto mwenye mama wengi. Niliamua kwamba hawa watu hawastahili ukweli. Kuwaambia ukweli ni kama kumwekea mtu kitambaa cha meza naye anakula amesimama. Nililala nikiwadharau wote, na nililala vizuri.

*

Ijumaa asubuhi akapiga simu mwanamke anayeitwa Nurjahan. Aliuliza njia, akaja, bila kuuliza kama bado ipo.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye kilemba cha buluu na mkoba mkubwa, anayefundisha wasichana kushona katika ukumbi mmoja huko Parklands. Alikuja na uzi wake na vipande vyake vya kitambaa. Aliketi kwenye kila mashine, akashona, akageuza kitambaa, akatazama upande wa chini. Hakuitukana hata moja. Wateja wengine wakija huleta fundi wao wa kutafuta kasoro; yeye alileta mikono yake.

Mama alikuwa chumba cha nyuma akifunga mizigo. Mzee Lalit alikuwa nyuma ya kabati na gazeti lake.

"Ni nzuri," Bi Nurjahan akasema, akiinuka. "Umeandika tisini. Nitakupa themanini na tano sasa hivi, pesa ziko hapa."

Wasomaji wangu, hapo palihitaji neno moja. Kusema tisini. Mwanamke amesimama mbele yangu, ana pesa, ana haraka, anazitaka. Hata mtoto wa chekechea angesema tisini.

Mimi nilikuwa nimehitimu kwa Jacklyne.

"Ole wangu, Bibi," nikasema, "kuna mtu ameshakubali tisini na tano."

Nikamtazama ili nione akiruka.

Mkono wake, uliokuwa umeshaingia mkobani, ukatoka mtupu.

"Ameshakubali? Mmepatana naye?"

Nilipaswa kurudi nyuma. Lakini nilidhani huo ndio mwanzo wa kuruka kwenyewe, kwamba mtu hukunja magoti kwanza.

"Tumepatana," nikasema. "Bado hajaleta pesa tu. Ukiongeza kidogo juu yake, mimi—"

"Hapana, mwanangu." Alianza kukunja vitambaa vyake. "Watu wawili wakishapatana, wa tatu haingii na bei yake. Kwetu dini imekataza. Hata ukiniuzia kwa themanini leo, siwezi kuzichukua. Zitakuwa mashine za mtu."

"Lakini labda hatakuja," nikasema.

"Asipokuja utanijulisha, namba yangu unayo. Akija, ni riziki yake." Akanishika bega. "Nilikuwa nimejiandaa kufika tisini, sikufichi. Lakini umefanya vizuri kuniambia mapema. Mwingine angenyamaza atugombanishe. Mungu akuzidishie ukweli huo."

Na akaenda.

Nilisikia viatu vyake ngazini, polepole, kwa sababu magoti yake hayakuwa mazuri. Kulikuwa na wakati wa kutosha. Ningetoka nikamwambia, Bibi, rudi, hakuna mtu, nilidanganya. Ningeweza kusema hivyo kwa mtu yeyote wa mji huu isipokuwa huyu aliyetoka kuniombea Mungu kwa sababu ya ukweli wangu. Nilisimama pale nikingoja aibu ipungue. Viatu vikafika chini.

Nikajiambia basi, nitampigia baada ya dakika chache, nimwambie yule mtu amebadili nia. Angerudi. Bado kulikuwa na muda.

Ndipo gazeti likakunjwa nyuma ya kabati.

*

"Shabash, hongera," Mzee Lalit akasema.

Alitoka amesimama wima kama sijawahi kumwona. Alikuwa amesikia kila neno.

"Tisini na tano. Na mimi nilikuwa nasema huyu mtoto ya Mukai haiwezi biashara. Mama anataka kununua, huyu mtoto anakataa, kwa sababu ameshapatana na mtu. Hii ndiyo jina ya duka yangu. Mimi nimefanya hivi maisha yote."

"Mzee," nikasema, "kuna kitu—"

Lakini alikuwa ameshapiga simu. Alimwambia Nzioka asije, mali imepata mwenyewe. Nilisikia ile sauti ya kanisa ikianza kubembeleza, na Mzee Lalit, mara ya kwanza katika maisha yangu, alimkatia mtu simu.

"Mukai," akaita. "Kuja chukua mashine yako."

Mama alitoka chumba cha nyuma na nyuzi zimemshika sweta. Alisimama mlangoni, hakukaribia.

"Kweli, Bwana?"

"Mtoto yako ameuza. Tisini na tano. Tano ni yake, yeye ndiye ametafuta. Hii ya vifungo chukua leo, kabla mwenye nyumba aje kuangalia angalia."

Mama yangu si mtu wa kusifu. Siku niliyohitimu alitazama joho langu akasema limeshonwa vibaya begani. Sasa aliniangalia muda mrefu, na midomo yake ikawa inatafuta mahali pa kukaa.

"Kumbe ile karo haikupotea," akasema.

Wanaosoma hadithi hii kila wiki wananijua. Mnajua kwamba nikiona mtu ana njaa nampa chakula changu, na nikiona paka amenyeshewa namfungulia mlango. Basi niambieni ni nani kati yenu angemjibu Mama, pale pale, kwamba hakuna tisini na tano, hakuna tisini, hakuna hata yule mwizi wa majina, kwa sababu tumemfukuza.

Nilitabasamu. Nahisi hadi leo jinsi uso wangu ulivyovutika.

Mama alikuwa amebadilika. Yeye ambaye huuliza ruhusa hata kufungua dirisha, alishuka barabarani, akarudi na wanaume wawili wa mkokoteni. Alimpigia Kitavi, fundi wa makoti wa Mutuini, akamwambia alete nguo zote Jumatatu, na awaambie wengine. Alikuwa akicheka kwenye simu. Aliwaonya wale wanaume wasiishike mashine kwa mkono wake wa sindano, wainue kutoka chini, mmoja mbele, mmoja nyuma, wasiipige kwenye mlango.

"Mama, ngoja kidogo," nikasema.

"Ningoje nini? Mawingu hayo huyaoni?"

Nilitoka upande wa ngazi, nikachungulia chini. Niliona vichwa, magunia na mabomba ya maji yakibebwa mabegani. Kilemba cha buluu sikukiona.

Niliporudi, mashine ya vifungo ilikuwa imeshatoka mahali pake. Pale ilipokuwa, sakafu ilikuwa na rangi nyingine. Wabebaji walikuwa wamefika nayo mlangoni, wakaituliza chini wapumzike, na Mama amesimama kando yake ameiwekea mkono, kama anayemshika mtoto asikimbie barabarani.

Mzee Lalit alikuwa amevuta kiti chake hadi katikati ya duka tupu. Aliketi akiutazama mlango.

"Huyu mtu yako wa tisini na tano," akasema, "anafika saa ngapi?"

"Yuko karibu," nikasema. Angalieni jinsi ilivyokuwa rahisi. Haikuchukua hata pumzi.

"Karibu wapi? Mpigie. Mwambie Lalit anangoja, anataka kufunga duka."

"Nitampigia nikiwa nje, kuna kelele—"

"Hapa hakuna kelele, beti. Piga."

Mama alinitazama. Wabebaji walinitazama, wakifuta jasho. Nilitoa simu. Katika mji mzima wa Nairobi kulikuwa na namba moja tu ya mtu aliyekuwa anazitaka mashine hizo na ambaye hakuwa amenidanganya. Nilidhani ningeweza kuchagua maneno. Ningesema kitu ambacho Bi Nurjahan angeelewa kwa namna yake, na Mzee Lalit kwa namna yake, naye angerudi na tisini zake, na zile tano zilizopungua ningesema ndizo zile zangu nilizopewa. Nilidhani hayo yote kwa muda wa kubonyeza namba.

Alipokea mara moja.

"Naam, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliye katikati ya magari. "Vipi? Mnunuzi wako ameshaleta pesa?"

Nikaisukuma simu sikioni hadi likauma.

Mzee Lalit akainuka kutoka kitini, akaja karibu. "Ni yeye?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiye.

"Weka spika," akasema. "Mimi nataka kushukuru yeye mwenyewe."